Namkunda na Taa ya Bibi

Huyu hapa ni Namkunda. Ana miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Namkunda anaishi Same, mji wa jua kali na upepo mwingi, chini ya milima ya Upare. Anaishi na Mama. Anaishi pia na Bibi Nakiete, aliyemzaa Mama.

Na uani yupo kuku mwekundu. Msimsahau kuku huyo. Tutamhitaji.

Namkunda analala chumba kimoja na Bibi. Humo chumbani kuna meza ndogo. Juu ya meza kuna taa.

Taa hiyo ni ya zamani. Ina shingo ndefu kama ya korongo. Ina kofia ya bati. Chini ina swichi nyeusi ya duara.

Kila jioni, wakishakula, Bibi anabonyeza swichi.

Ki! Taa imewaka.

Bibi anavaa miwani. Anasoma Biblia kidogo. Halafu anamsomea Namkunda hadithi. Moja tu. Wakimaliza, wanasali, na Bibi anabonyeza tena.

Ko! Taa imelala.

Na Namkunda naye analala.

Siku moja, siku ya Jumatano, Mama aliingia chumbani na ufagio. Krismasi ilikuwa karibu. Mama alikuwa anasafisha kila kitu.

Mama akaitazama taa. Akaona kutu shingoni. Akaona kutu kwenye kofia. Kutu, kutu, kutu, nyekundu kama udongo.

"Mama," akamwambia Bibi, "taa hii imechakaa jamani."

"Hata mimi nimechakaa," akasema Bibi. "Mbona hamjanitupa?"

Mama akacheka. "Wewe hujaota kutu, Mama. Wageni wa Krismasi watalala humu. Wakiiona hii watasema nini? Jumamosi akipita yule baba wa vyuma chakavu, nampa. Atatupatia beseni jipya."

Bibi akaigusa taa shingoni, taratibu, kama mtu anayemgusa paka.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nyumba ni yako."

Namkunda akawaza hadithi za jioni.

Taa nyingine ya chumbani, ile ya darini, haimsaidii Bibi. Iko mbali, na macho ya Bibi ni ya kizee. Bila taa ya mezani, Bibi haoni herufi. Bibi asipoona herufi, hakuna hadithi.

"Mama," akauliza Namkunda, "na taa ikiwa nzuri?"

"Ikiwa nzuri itabaki," akasema Mama. "Lakini itakuwaje nzuri, mwanangu? Kutu haitoki kwa kuoga."

Namkunda akahesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi!

Alhamisi asubuhi, Mama alipaka nyumba chokaa. Mwezi wa Desemba, mtaa mzima unapaka chokaa. Huku swa, kule swa.

Mama alikoroga chokaa kwenye ndoo. Akatia bluu kidogo, ile ya kufulia, ili weupe ung'ae. Akachukua brashi ya katani.

Swa! Swa! Swa!

Ukuta ulikuwa mchafu. Sasa ni mweupe pe!

"Ahaaa," akasema Namkunda.

"Ahaa nini?" akauliza Mama. "Usiguse chokaa, umesikia? Inaunguza mikono. Inachoma macho."

"Nimesikia, Mama."

Mama akatoka kidogo, akaenda kwa jirani kuomba ngazi.

Namkunda alikuwa amesikia. Kweli alisikia. Lakini aliiwaza Jumamosi.

Akaingia chumbani. Bibi alikuwa ameichomoa taa ili afute meza, kisha akaenda kufua. Namkunda akaibeba taa mpaka nyuma ya jiko. Akachota chokaa kwa kikombe. Akachukua brashi.

Swi-swi-swi, haraka, haraka!
Swi-swi-swi, haraka, haraka!

Chokaa shingoni. Chokaa kwenye kofia. Chokaa chini, tone, tone, tone.

Kuku mwekundu akapita. Akakanyaga tone la kwanza. Akakanyaga la pili. Akaenda zake, na miguu yake myeupe.

Na taa? Taa ilikuwa nyeupe! Nyeupe kama maziwa!

Namkunda akairudisha mezani. Akanawa mikono. Ilikuwa inawasha. Akanawa tena.

"Nani amegusa ndoo yangu?" Sauti ya Mama ikatoka uani.

Namkunda akaweka mikono nyuma.

Moyo wake ukafanya du, du, du.

"Labda," akasema. "Labda ni... kuku."

Mama akamtazama kuku. Kuku alikuwa na miguu myeupe.

"Eti wewe!" akasema Mama. "Chokaa yangu ni maji ya kuogea miguu?"

"Kwe-kwe-kwe!" akalia kuku.

Mama akamkamata. Akamfunika na tenga. "Kaa humo mpaka kesho!"

Kuku akamtazama Namkunda kwenye matundu ya tenga. Alimtazama kwa jicho moja. Namkunda akaangalia pembeni.

Du, du, du.

Jioni ikafika. Wakala. Bibi akaingia chumbani na Biblia yake.

"Ehee!" akasema Bibi. "Taa imevaa kanzu! Inakwenda kuoa?"

Namkunda akacheka. Bibi akachomeka waya, akabonyeza.

Ki! Taa imewaka.

Oh, ilikuwa nzuri. Bibi akavaa miwani. Akafungua Biblia. Balbu ikapata moto. Bati likapata moto.

Pyu. Kipande cha chokaa kikaanguka.

Pyu. Kingine.

Pyu, pyu, pyu! Chokaa kwenye Biblia. Chokaa kwenye miwani. Chokaa kwenye pua ya Bibi.

"Ha... ha... HATCHYA!" akapiga chafya Bibi. Vumbi la chokaa likajaa chumba kizima.

Mama akaja mbio. Akaitazama taa.

Taa ilikuwa na mabaka. Huku nyeupe, huku kutu, huku nyeupe, huku kutu.

"Jamani," akasema Mama. "Sasa imekuwa kama mbuzi mwenye upele. Nani amefanya hivi?"

Bibi akafuta miwani. Namkunda akaficha mikono.

"Namkunda. Na hii pia ni kuku?"

Namkunda akatazama vidole vya miguu yake. Kichwa chake kikaenda juu, kikaenda chini. Ndiyo. Kuku.

"Kuku huyu ni fundi kweli," akasema Bibi polepole.

Mama akashusha pumzi. "Haya. Laleni. Tutaongea kesho."

Hakukuwa na hadithi jioni ile. Bibi akafuta Biblia yake kwa kanga. Akabonyeza.

Ko! Taa imelala.

Lakini Namkunda hakulala. Akageukia huku. Akageukia kule.

Du, du, du. Du, du, du.

"Bibi."

"Ee, mjukuu wangu."

"Siyo kuku."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Kuku hawezi kushika brashi," akasema Bibi.

Namkunda akaanza kulia. "Ni mimi, Bibi. Nilitaka taa ibaki. Na nimesema uongo. Mara mbili! Na kuku amefungwa, na hajafanya kitu!"

Bibi akamvuta karibu. Bibi ananukia sabuni na majani ya chai.

"Nisikilize," akasema Bibi. "Mimi pia nina langu. Unajua kutu ilitoka wapi?"

"Kwenye uzee."

"Siyo. Mwaka jana, mvua za vuli, niliiacha taa dirishani. Dirisha nikaliacha wazi. Ikanyeshewa mpaka asubuhi. Mama yako akaniuliza, 'Mama, kutu hii vipi?' Nikasema, 'Aa, ni uzee tu.'"

Namkunda akakaa kitandani. "Bibi! Ulidanganya?"

"Nilidanganya. Niliona aibu."

"Umemwambia Mungu?"

"Mungu nimemwambia siku nyingi," akasema Bibi. "Mama yako bado."

Wakashikana mikono. Wakasali, sala fupi sana.

"Mungu, tusamehe. Kesho tutasema. Amina."

Na moyo wa Namkunda ukapoa kidogo. Akalala.

Ijumaa asubuhi, Mama alikuwa jikoni anachemsha chai. Bibi na Namkunda wakasimama mlangoni.

"Anza wewe," Bibi akanong'ona.

"Anza wewe, Bibi. Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe una miguu ya kukimbilia."

"Mnanong'ona nini hapo?" akauliza Mama.

Wote wawili wakasema kwa pamoja: "Ni mimi!"

Halafu wakaeleza. Namkunda akasema habari ya chokaa na habari ya kuku. Bibi akasema habari ya dirisha na habari ya mvua.

Mama akaweka kijiko chini. Akamtazama mama yake. Akamtazama mtoto wake.

"Mama! Hata wewe?" akasema.

"Hata mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Nisamehe, Mama," akasema Namkunda. "Nilisikia, halafu nikafanya."

Mama akawakumbatia wote wawili, na chai ikamwagika, shwaaa, kwenye moto.

"Nimewasamehe," akasema. "Sasa nendeni kwa kuku."

Wakaenda. Namkunda akafunua tenga. Akachuchumaa.

"Kuku, nisamehe. Nilikusingizia."

Akamwagia mahindi. Kuku hakusema kitu. Alikula mahindi yote.

Lakini taa bado ilikuwa na mabaka. Na kesho ilikuwa Jumamosi.

"Mama, bado ikiwa nzuri itabaki?" akauliza Namkunda.

"Neno langu ni lile lile," akasema Mama. "Ikiwa nzuri, itabaki. Ila chokaa basi!"

Bibi akaifunga taa kwenye kanga. Akamshika Namkunda mkono. Wakavuka barabara mpaka kwa Mjomba Elisifa.

Mjomba Elisifa ni kaka yake Mama. Ni fundi mageti. Anachomelea vyuma, cheche zinaruka, tsss! Halafu anavipaka rangi.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, mpwa wangu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Bibi akafungua kanga. Mjomba akashika kiuno.

"Hee! Mgonjwa huyu katoka hospitali gani? Nani amempaka chokaa?"

"Mimi, Mjomba," akasema Namkunda upesi, kabla moyo haujaanza du, du, du.

"Vizuri kusema," akasema Mjomba. "Sasa sikiliza. Chokaa ni ya ukuta. Ukuta unainywa. Chuma hakinywi. Chuma kinataka rangi ya mafuta. Na kabla ya rangi, kinataka kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya kwanza, tazama waya. Umechomolewa? Umechomolewa. Balbu nje. Swichi tunaifunga karatasi, isipate rangi."

"Kazi ya pili?"

"Msasa!"

Mjomba akampa Namkunda kipande cha msasa. Kilikuwa kinakwaruza kama ulimi wa paka.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Chokaa ikatoka. Kutu ikatoka. Jasho nalo likatoka.

"Mjomba, nimechoka."

"Kutu imeisha?"

"Bado."

"Basi na wewe bado."

Kwaru, kwaru, kwaru. Bibi akasugua. Mjomba akasugua. Namkunda akasugua tena. Mwishowe taa yote ikawa ya kijivu, laini, kama tumbo la samaki.

Mjomba akaifuta kwa kitambaa. Akaipaka rangi ya kwanza, ile ya kuzuia kutu. Wakaiacha juani, wao wakaenda kula makande.

Mchana, ile rangi ya kwanza ilikuwa imekauka.

"Sasa chagua," akasema Mjomba. Akaleta makopo mawili yaliyobaki kwenye kazi zake. "Bluu hii ni ya geti la zahanati. Njano hii ilibaki geti la chekechea, lakini ni kidogo mno. Imebaki ya kulamba."

"Usilambe," akasema Bibi.

Namkunda akachagua bluu. Bluu kama anga la Same asubuhi.

Akachovya brashi. Akataka kwenda haraka. Halafu akakumbuka.

Swi... swi... polepole.
Swi... swi... bado polepole.

Juu kwenda chini. Shingo. Kofia. Mguu wa taa. Mjomba akapaka pale ambapo mkono wa Namkunda haukufika.

Swi... swi... polepole.
Swi... swi... bado polepole.

Taa ikawa ya bluu! Kopo likawa tupu.

Mara, vuuu! Upepo wa Same ukaja. Na vumbi lake.

"Vumbi litaganda kwenye rangi!" akapiga kelele Mjomba. "Tuifunike! Lakini tuifunike na nini? Nguo itashika rangi!"

Namkunda akafikiri. Kitu cha kufunika. Kitu kisichogusa.

"Tenga!" akasema.

Akakimbia nyumbani. Akarudi na tenga la kuku. Kuku akamfuata nyuma, "Kwe-kwe-kwe!", kwa sababu tenga lilikuwa lake.

"Tuazime tu," akasema Namkunda.

Wakaifunika taa na tenga. Juu ya tenga Bibi akatandika kanga. Vuuu, ukavuma upepo. Vumbi likabaki nje.

"Sasa," akasema Mjomba, "kazi ngumu kuliko zote."

"Ipi tena?"

"Kungoja. Usiguse mpaka kesho."

Mjomba akarudi kwenye mageti yake. Bibi akasinzia kwenye kiti.

Namkunda akangoja. Akaimba wimbo mmoja wa Sunday school. Akaimba wa pili.

Akafunua kanga kidogo, aone tu. Taa ilikuwa inang'aa ndani ya tenga. Je, imekauka? Kidole kikaingia kwenye tundu la tenga. Kidole kimoja tu.

Te.

Haikuwa imekauka.

Kidole kikawa cha bluu. Na kwenye ukingo wa kofia ya taa pakawa na alama ya kidole. Duara.

Du, du, du!

Kuku akapita. Kuku akamtazama Namkunda. Namkunda akamtazama kuku.

Namkunda akavuta pumzi.

"MJOMBA!" akaita kwa nguvu. "Ni mimi! Nimegusa! Siyo kuku!"

Bibi akaamka. Mjomba akaja. Wakainama kutazama.

"Mm," akasema Mjomba. "Na bluu imekwisha."

Machozi yakajaa machoni mwa Namkunda. "Haitakuwa nzuri tena. Itachukuliwa na mtu wa vyuma chakavu."

Mjomba akakuna kichwa. Akatazama kopo la njano. Ile ya kulamba.

"Lete kidole hicho," akasema.

Akakifuta kwa mafuta ya taa, mpaka bluu ikatoka. Akakichovya kwenye njano, ncha tu. Akainua tenga.

"Haya. Weka pale pale ulipogusa."

Top.

Alama ikapotea. Mahali pake pakawa na doa la njano, duara, kama jua dogo.

"Lakini liko peke yake," akasema Namkunda.

"Lipe wenzake," akasema Bibi.

Top. Top. Top. Kuzunguka ukingo wa kofia. Top. Top.

"Na mimi," akasema Bibi. Akachovya kidole. Doa lake lilitetemeka kidogo. Top.

"Na mimi," akasema Mjomba. Doa lake lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. TOP!

Wakazunguka mpaka wakakaribia mwanzo. Ikabaki nafasi moja. Na ndani ya kopo likabaki tone moja.

"Weka basi umalize," akasema Mjomba.

Namkunda akaitazama ile nafasi. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Hilo ni la Mama."

Mjomba akafunika kopo, kisha akaifunika taa tena kwa tenga na kanga.

Jumamosi ikafika na jua lake.

Ngo! Ngo! Ngo! Mtu alikuwa anagonga chuma barabarani. "Vyuma chakavuuu! Leta vyuma chakavu, chukua beseniii!"

Ni yule baba wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake umejaa. Mabeseni yalikuwa juu, mekundu na ya kijani.

"Hodi hapa! Mama, mna chuma leo?"

"Tunacho," akasema Mama. "Ngoja."

Namkunda akakimbia kuvuka... hapana, kwanza akatazama kulia, akatazama kushoto. Halafu akakimbia. "Mjomba! Amekuja!"

Mjomba Elisifa akasukuma ubao chini ya tenga, akabeba tenga na kilichomo, vyote kwa pamoja. Bibi, aliyekuwa amemfuata Namkunda, akatangulia na kopo la njano. Kuku akafuata. Wakaingia uani kama watu wa harusi.

"Mbona mmebeba tenga?" akauliza Mama.

"Funua, Mama," akasema Namkunda.

Mama akatoa kanga. Akainua tenga.

Jua likaingia kwenye ile bluu. Madoa ya njano yakawaka ukingoni, moja, moja, moja.

Mama akainama, akaitazama taa pande zote.

Namkunda akamshika Bibi mkono.

"Hii ni taa gani?" akauliza Mama.

"Ni ile ile," akasema Bibi. "Imeoga."

Yule baba wa vyuma chakavu akaingiza shingo. "Ndiyo hii mnayonipa? Aaa, mama! Hii siibebi. Nikionekana nayo watasema nimeiba!"

Mjomba akacheka sana. Mama naye akacheka. Halafu akajifuta macho kwa pembe ya kitenge chake.

"Mimi pia nina langu," akasema Mama.

Wote wakamtazama.

"Nilikuwa na haraka ya wageni. Nikaona kutu, sikuona taa. Hata mimi nilisomewa chini ya taa hii, nikiwa mdogo kama wewe, Namkunda. Mama, nisamehe."

"Njoo hapa, mwanangu," akasema Bibi.

Namkunda akaleta kopo. "Doa la mwisho ni lako, Mama. Tumekuachia."

Mama akachovya kidole. Akatafuta ile nafasi.

Top.

Ukingo ukajaa.

"Basi mimi natoka mikono mitupu?" akauliza baba wa vyuma chakavu.

"Ngoja," akasema Mama. Akaingia jikoni. Akatoka na sufuria la zamani lenye tundu kubwa katikati.

"Hili nalo lina mtu wa kulilia?" akauliza yule baba.

Wakatazamana. Hakuna aliyelia.

"Chukua," wakasema wote.

Ngo! Ngo! Ngo! Akaenda zake. Na Mama akapata beseni jekundu.

Jioni ikaja. Rangi ilikuwa imekauka kabisa. Namkunda aliuliza kwanza, kisha akagusa. Kweli, ilikuwa kavu.

Mjomba akarudishia balbu. Akatoa ile karatasi ya swichi. Akachomeka waya.

"Bonyeza wewe leo," Bibi akamwambia Namkunda.

Ki! Taa imewaka.

Mwanga ukaanguka mezani, wa manjano, mpole, kama siku zote. Lakini hakuna kilichoanguka kwenye Biblia. Hakuna aliyepiga chafya.

Bibi akavaa miwani. Akasoma Biblia kidogo. Halafu akasoma hadithi.

Safari hii wasikilizaji walikuwa wawili. Mama alikuja akakaa kitandani, akaweka miguu juu, kama alivyokuwa anafanya zamani.

"Moja tu," akasema Bibi.

"Mbili," akasema Mama.

Bibi akasoma mbili.

Kisha Namkunda akafumba macho, akasali.

"Mungu, asante kwa Bibi. Asante kwa Mama. Asante kwa Mjomba na msasa wake. Asante kwa taa, imebaki. Na mbariki kuku, alifungwa bure. Amina."

"Amina," akasema Mama.

"Amina," akasema Bibi.

"Kwe," akasema kuku kule nje, ndani ya tenga lake, ambalo sasa lilikuwa na doa moja la bluu.

Namkunda akasikiliza moyo wake. Ulikuwa umetulia. Haukufanya du. Haukufanya chochote, ila kupumzika.

Akanyoosha kidole, kile kile kimoja, akabonyeza swichi.

Ko! Taa imelala.

Na Namkunda naye akalala.